Maji ya Moto Kitaluni

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mzima mwenye mshahara wake, na bado nilipomwamkia baba yangu nilimtazama miguuni. Ndivyo tulivyolelewa. Unapiga goti kidogo, unasema shikamoo, macho yako yanabaki kwenye vidole vyake vya miguu mpaka akuitikie. Vidole vile vilivyopasuka kwa baridi na udongo ninavikumbuka vizuri kuliko uso wake.

Hakuwa mkali. Sikumbuki kama aliwahi kunichapa zaidi ya mara moja, na siku hiyo nilistahili. Heshima yake ilitoka mahali pengine. Baba alikuwa na mkono wa kupanda, na kijiji kizima kilijua hivyo. Mwanamke akitaka kuotesha vitunguu alimwita baba aje atie mbegu za kwanza. Kijana akijenga nyumba alimwita baba apande mti wa kwanza uani. Alikuwa akifika na koti lake la kaki, amelifunga vifungo vyote hata jua likiwaka, anachimba, anafukia, anakunywa chai, anaondoka.

Kijiji chetu kiko juu, mbali kidogo na Lushoto mjini, pale msitu unapoanzia na ukungu usio na adabu, unaoingia ndani bila kubisha hodi. Kuanzia Juni mpaka Agosti watoto wetu huja shule na makoti ya baba zao, mikono ikiburura chini. Mama alikuwa amekwisha kufariki wakati wa haya ninayoyasimulia, na kaka zangu walikuwa wameshuka kutafuta kazi Tanga. Nyumbani tulibaki baba na mimi.

Sifa ya mkono wa baba ilianza kwa namna ambayo ingewaaibisha watu wengi, lakini yeye haikumwaibisha, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia. Enzi za Mwingereza watu wa milimani walichoshwa na amri za kuchimba matuta. Kabla hawajapumua wakaletewa mbegu za miwati, miti ya kigeni ya nguzo na kuni, wapande kwenye miteremko. Wazee waliingiwa na hofu. Mti wa serikali ukisimama shambani kwako leo, walisema, kesho shamba litaitwa la serikali. Wakakubaliana kwa siri kwamba kila mtu atachemsha mbegu zake kabla ya kuzipanda, kisha wote watamwambia bwana shamba wa Kizungu kuwa udongo wa huku umekataa.

Wenzake walizipika kama maharage. Baba alikuwa ametoka tu kuoa, na kuni zilikuwa mbichi. Alichemsha maji birika moja, akayamimina kwenye chungu chenye mbegu, akafunika, akaenda kulala. Aliona inatosha. Asubuhi alizikuta zimevimba, akazifukia mteremkoni, akanawa mikono.

Za wenzake haikuota hata moja. Za baba ziliota kama nywele.

Sasa ninajua kwa nini. Mbegu ya mwati ina ganda gumu lisilopitisha maji, na inaweza kukaa ardhini miaka mingi, hai kabisa, bila kujali mvua ngapi zimenyesha juu yake. Kinachoiamsha ni moto unaopita juu ya ardhi, au maji ya moto yakimiminwa na kuachwa yapoe. Ukiipika inakufa, lakini ukiibabua kidogo tu inaamka. Wakati ule hakuna aliyelijua hilo, baba akiwa wa kwanza wa kutojua. Mzungu alimsifu mbele ya watu na kumpa lile koti la kaki. Wenzake walimwona msaliti. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba naye alichemsha, na nani angemwamini mtu aliyesimama mbele ya msitu mdogo wa miwati?

Ulipokuja Uhuru hasira zikageuka kicheko. Baba mwenyewe alisimulia kisa kile harusini na kwenye vilabu vya pombe ya miwa, ingawa alikuwa mzee wa kanisa na hakupaswa kuonekana huko. Watu walimtania, "Mpishi wa mbegu!" Na chini ya utani ule kulikuwa na jambo waliloliamini kwelikweli, kwamba mkono wa mtu huyu hauwezi kuua mbegu hata ukiwa na nia mbaya. Baba naye aliliamini. Hakuwahi kusema ni bahati.

Basi ulipofika Ujamaa, na kijiji chetu kikaamua kuwa na bustani ya matunda ya wote, haikubishaniwa nani atashika kitalu. Kamati ilichagua pia mahali pa bustani. Ilikuwa shamba la bondeni lenye udongo mweusi, ambalo babu alimrithisha baba. Baba alikubali. Alisema ardhi ni ya Mungu, na jioni ile akashuka peke yake kulitazama shamba.

Mbegu mpya zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kokwa za pichi, zilizokusanywa na wanafunzi wangu chini ya mipichi ya zamani ambayo Wajerumani waliiacha kwenye nyua za misheni. Ya pili ilikuwa mbegu za mueri, mti mkubwa wa msituni kwetu, ambao wanawake walitaka upandwe kuzunguka chemchemi kwa sababu maji yalikuwa yanapungua. Baba alichukua kipande cha gome la mueri, akakikwaruza kwa ukucha, akaninusisha. Kisha akavunja kokwa moja ya pichi kwa jiwe, akaninusisha kiini chake. Harufu ilikuwa ileile, chungu na tamu pamoja.

"Hawa ni ndugu," akaniambia. "Mmoja amezaliwa Ulaya, mmoja hapa. Ndugu hulelewa pamoja."

Hakukosea kuwa ni ndugu. Nimeliona baadaye katika vitabu, na kila nikilisoma ninamsikia akisema. Alichokosea ni malezi. Alizianika zote juani mpaka zikakauka vizuri, akazitia kwenye vikapu viwili, akanifanya nimshikie ngazi huku akizipandisha darini juu ya jiko, pale ambapo kila nyumba ya kwetu hutundika mbegu za mahindi zipigwe na moshi zisiliwe na wadudu. Hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo Mshambaa anaweza kuipa mbegu. Tulipika chini yake tangu Sikukuu ya Mwaka Mpya mpaka masika.

Masika yalipokaribia alichemsha maji kwa ajili ya mbegu za miwati, kama alivyofanya kila mwaka tangu msitu ule wa kwanza, na kuzimiminia kwenye chungu chake cha zamani. Nilikuwepo. Nilimshikia taa. Kokwa za pichi na mbegu za mueri zilikuwa kwenye vikapu vyake upande wa pili wa chumba, na hakuna tone la maji ya moto lililozigusa. Ninalisema hili mapema kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyeliona.

Kitalu kilikuwa kando ya njia ya kwenda kanisani, chini ya miwati ileile ya enzi za Mwingereza, iliyokuwa imezeeka na kuinama. Baba alipanda matuta matatu. La miwati liliota kwa wakati wake. La mueri na la pichi yalibaki matupu.

Mwanzoni watu walipita na utani.

"Vipi mzee, watoto wamelala bado?"

"Wamelala," baba alijibu. "Watu wa Ulaya huchelewa kuamka."

Mvua kubwa zikapita. Watu waliendelea kuuliza, ila sasa waliuliza wakiwa wameshampita. Baba akaanza kwenda kitaluni mapema, kabla njia haijawa na watu. Nilimkuta asubuhi moja nikielekea shule. Alikuwa amepiga magoti, anapalilia tuta ambalo halikuwa na hata jani la kupalilia. Alichimbua kokwa moja kwa kidole, akaifuta udongo, akaiangalia, akairudisha shimoni na kuifunika taratibu. Nikageuka nikapita njia ya juu ili asijue kuwa nimemwona. Aibu yangu ilianza asubuhi ile, na ilikuwa aibu ya kumwonea mzazi huruma, ambayo ni nzito kwa sababu huna ruhusa ya kuwa nayo.

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua sasa. Mbegu ya mueri haijui kungoja. Imezaliwa kwenye msitu wenye joto na unyevu, ambako haina sababu ya kungoja. Ikianguka ipandwe mbichi, na ukiianika na kuiweka juu ya moshi miezi kadhaa, unapanda maiti. Pichi ni kinyume chake. Asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali, na kokwa yake imejifunza kutoamini joto. Ikiota wakati wa joto la kwanza, baridi itakuja iue mche. Kwa hiyo hulala, na haiamki mpaka iwe imekaa kwenye udongo wenye maji na baridi kwa muda wa kutosha kujua kuwa majira yale yamekwisha kupita. Baba aliwalea ndugu wawili jikoni, mmoja akafa na mwingine akaendelea kulala. Na ukisimama juu ya tuta, huwezi kujua yupi ni yupi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mwanzoni mwa Juni, ndani ya darasa langu, maana nje palikuwa na baridi. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Wanafunzi walijazana madirishani. Bwana shamba alikuwa kijana wa Tanga, mpole, aliyevaa sweta juu ya sweta na hata hivyo alikuwa anatetemeka. Alikuwa amechimbua mbegu chache kutoka kila tuta na kuzileta kwenye sahani ya bati. Alizivunja kwa jiwe mbele yetu. Za mueri zilitoa ungaunga wa kahawia. Za pichi zilikuwa na viini vyeupe, vigumu, kama zimetoka kwenye tunda jana.

"Hizi zinashangaza," akasema. "Hazijaoza wala hazijaota."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Labda mpishi kazipitishia maji ya moto!"

Darasa zima likacheka. Baba naye alicheka, akipiga goti lake kwa kiganja. Kicheko kile kingeweza kwisha hivyo hivyo, tukaenda nyumbani. Lakini sauti nyingine, ya mtu ambaye hakuwa anacheka, ikasema, "Na shamba la bustani lilikuwa la nani?"

Nilisikia mtoto akipenga kamasi dirishani. Siku zile neno hujuma halikuwa neno la mchezo, mtu angeweza kupelekwa wilayani kwa ajili yake. Mwenyekiti aliangalia mikono yake. Mimi nilisimama karibu na ubao, chaki mfukoni.

Ndipo bwana shamba, kwa wema wake, akamgeukia baba. "Shikamoo mzee. Mimi sidhani kama mzee amefanya makusudi. Hizi mbegu si kama za miwati. Pengine mzee hakujua tu namna ya kuzipanda. Hata mimi sina hakika. Kutojua si kosa."

Alikuwa amemrushia kamba. Mtu mwingine yeyote angeishika kwa mikono miwili. Nilimwona baba akiliangalia neno lile, "hakujua", kama mtu aliyetemewa mate. Walikuwepo wanawake waliomwita apande mbegu zao za kwanza. Walikuwepo wanafunzi wa binti yake. Akasimama, dawati likamng'ang'ania, akajivuta. Akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Najua," akasema. "Najua kupanda tangu kabla hujazaliwa. Nilizichemsha."

Hata yule aliyemshtaki aliinua kichwa kwa mshangao. Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee, umezichemsha?"

"Nimezichemsha. Shamba ni la baba yangu."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilimshikia ngazi. Nilimshikia taa. Lakini kusema hivyo mbele ya watu kungekuwa kusema kwamba baba yangu ni mwongo, na kwamba mkono wake ni mkono kama mkono wa mtu yeyote. Kwetu binti hasimami mkutanoni kumvua nguo mzazi wake. Nikaona aibu kwamba watu wamemwamini upesi hivyo, nikaona aibu zaidi kwamba nilimwelewa.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtoto wa rafiki yake, hakumpeleka wilayani. Baba alinyang'anywa kitalu, akaamriwa kubeba mawe ya msingi wa darasa jipya mpaka yatoshe. Kanisani aliondolewa kiti cha wazee. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma pamoja na wanaochelewa, kichwa kikiwa juu, na alipoimba alisikika kuliko wote. Habari ilishuka mlima upesi kuliko maji. Mtu aliyetoka Mazinde sokoni alituambia kuwa hata huko wanaulizana kuhusu mzee wa juu aliyewapikia wajamaa mbegu.

Nyumbani nilimuuliza mara moja tu. Nilimwita kwa Kishambaa, kama nilivyokuwa mdogo.

"Tate, kwa nini?"

Alikuwa anapasha mikono moto. "Mtu mbaya watu humwogopa," akasema. "Mjinga humhurumia. Wewe ungechagua kipi?"

"Ningechagua ukweli."

"Wewe ni mwalimu," akasema, na akasogeza kuni motoni kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Yeye alibeba mawe na kunyoosha mgongo. Mimi ndiye niliyetembea nimeinama. Walimu wenzangu walikatiza mazungumzo nilipoingia ofisini. Wiki moja katika somo la sayansi kimu na kilimo nilifika kwenye kuota kwa mbegu. Niliandika ubaoni mahitaji matatu kama kitabu kilivyosema, maji, hewa na joto, nikawataka wanafunzi wayarudie. Wakayarudia kwa sauti ya kuimba. Kisha mtoto mmoja wa kike, mzuri, asiye na ubaya wowote, akanyoosha kidole.

"Na zisichemshwe, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walikubaliana naye, wengine wakaandika kwenye madaftari yao kama hitaji la nne. Niligeukia ubao na kufuta kitu ambacho hakikuhitaji kufutwa. Aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na nikamchukia baba kwa muda wa kufuta ubao mzima.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Asubuhi kabichi za bondeni zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukungu ulikaa mpaka saa sita. Kitalu kilichoachwa kilikuwa chini ya baridi ile yote, kimelowa, hakuna aliyekigusa. Majani ya miwati yaliyadondokea matuta yakayafunika.

Mwishoni mwa Septemba, jua lilipoanza kurudi na mvua ndogo ya kwanza ikanyesha, nilipita pale nikitoka chemchemini na ndoo kichwani. Niliona kitu chekundu katikati ya majani makavu. Nikatua ndoo. Nilifunua majani kwa mkono. Miche ya pichi ilikuwa imetoka kwenye tuta zima, mashina mekundu, mengine bado yamebeba nusu ya kokwa kichwani. Tuta la mueri lilikuwa tupu kama awali, na limebaki tupu mpaka leo.

Nilicheka peke yangu njiani kama kichaa. Kokwa iliyopikwa haiwezi kuota. Kila mtu kijijini alijua hivyo, hata wanafunzi wangu walikuwa wameliandika. Baba alikuwa msafi. Niliacha ndoo palepale nikakimbia nyumbani, nikamwita, nikasahau hata kumwamkia.

Alikuja. Alichuchumaa kando ya tuta kwa muda mrefu. Akagusa mche mmoja kwa ncha ya kidole. Nilidhani atalia kwa furaha.

"Nani mwingine ameziona?" akauliza.

"Hakuna. Nimekuita wewe kwanza. Nikamwite mwenyekiti?"

"Kaa."

"Tate, hizi zinakusafisha! Hukuchemsha kitu. Kila mtu ataona."

"Wataona nini?" Hakuinua sauti. "Wataona nilisimama nikadanganya. Na wataona kwa nini nilidanganya. Kwamba sikujua. Kwamba yule mtoto wa Tanga alisema kweli." Akafuta kidole kwenye koti. "Zinanitoa ubaya, zinanipaka ujinga. Nenda kachemshe maji."

Sikuelewa, au nilijifanya sielewi. Akarudia. Nikamwambia kwamba ni miche ya kijiji, kwamba ni mali ya wote, kwamba watoto ndio waliookota kokwa zile. Nilisema mengi. Alikuwa amechuchumaa, akitazama miche, na nilipomaliza akasema tu, "Birika kubwa."

Nikaenda nikawasha moto. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti, nyumba yake ilikuwa karibu kuliko yetu. Nilichagua kuni mbichi nikitumaini kwamba mtu atapita njia ile na kuona, kwamba maji yakichelewa jambo litajiamua lenyewe. Maji yalichemka. Siku zote huchemka. Nilimpelekea birika nikiwa nimelishika kwa kitambaa, na kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni nilitazama vidole vyake vya miguu, kama kawaida yangu, nikaona mvuke ukivipita alipokuwa anamimina. Alianza mwanzo wa tuta mpaka mwisho, taratibu, bila kuruka mche hata mmoja. Miche ilijikunja kama nywele karibu na mshumaa. Akanirudisha nikalete lingine. Nikaleta.

Alipomaliza alifunika majani makavu juu yake, akanawa mikono kwa maji ya ndoo yangu, tukarudi nyumbani. Sasa ulikuwa ni ukweli. Alikuwa amechemsha.

Ningependa kisa hiki kiishie hapo, na miaka mingi nilipojisimulia mwenyewe nilikimalizia hapo. Lakini juu ya kitalu kile ilisimama miwati ya zamani, na miwati huangusha mbegu kila mwaka. Zilikuwa zimelala kwenye udongo ule tangu enzi za koti jipya, tabaka juu ya tabaka, zikingoja joto la kuzibabua. Baba ndiye aliyekuwa amewafunza watu wote kijijini kwamba mbegu ya mwati huamshwa kwa maji ya moto. Hasira ilimsahaulisha.

Mvua za vuli ziliponyesha sawasawa, tuta la pichi liliota miwati kama nywele.

Watu wakiwa njiani kwenda kanisani walisimama kuangalia. Hawakuchelewa kupata maelezo, watu wetu ni wepisi wa maelezo. Walisema mzee amejuta. Walisema amekuja kimyakimya, bila kutaka sifa, akawapandia wenzake miti ya nguzo na kuni kwenye tuta lilelile aliloliharibu. Mwenyekiti alifurahi kuliko wote, maana jambo lile lilikuwa limemkaa rohoni. Akaita mkutano.

Tulikaa tena ndani ya darasa langu. Bwana shamba wa Tanga alikuwa amehamishwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema hana hakika. Mwenyekiti alizungumza juu ya mtu kujirudi, juu ya toba iliyo bora kuliko maneno, kisha akasema mkono wa mzee bado ni mkono uleule, na kijiji kinamrudishia kitalu chake. Mchungaji aliyekaa mbele akatikisa kichwa kukubali. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto madirishani wakamtazama mwalimu wao, wakingoja awaongoze, na mwalimu wao akapiga makofi.

Baba alisimama kushukuru. Alifunga kifungo cha juu. Nilidhani atasema ukweli, nilijua hatasema, na nilimwombea aseme. Akatoa shukrani kwa Mungu na kwa kamati. Alipokuwa anakaa akageuza kichwa kunitafuta kati ya watu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuangalia miguu yake. Sikukusudia ukosefu wa adabu. Niliinua tu macho nikayakuta yake yananingoja, ya kahawia, yenye utando wa uzee pembeni.

Yeye ndiye aliyeinamisha macho.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kitalu kikafa pamoja na Ujamaa wenyewe. Kila asubuhi niliyolala nyumbani kwake nilipiga goti nikamwamkia shikamoo. Aliniitikia marahaba huku akitazama chini, kwenye miguu yangu.